Nyasi zilipendeza miezi mitatu tu: kabla hujamlipa fundi wa pili, chimba shimo

*"Habari mtaalamu. Nina nyumba Kigamboni, tulihamia mwaka juzi. Eneo la nyasi ni kama mita za mraba 180. Mwaka jana mwezi wa tano nilimpa kazi fundi wa bustani wa kando ya barabara. Alisawazisha kiwanja, akamwaga udongo mweusi, akapanda ukoka. Hadi mwezi wa nane palipendeza kweli. Kuanzia mwezi wa tisa nyasi zikaanza kuwa njano, sasa ni Januari na nusu ya eneo ni vipara, kwingine zimejaa ndago. Namwagilia kila jioni kwa mpira, maji ya kisima chetu, yana chumvi kidogo lakini tunayaogea. Wamekuja mafundi wawili. Wa kwanza anasema ukoka haufai pwani, ang'oe zote, aongeze tripu tatu za udongo mweusi, apande nyasi za Pemba. Wa pili anasema nyasi zina njaa na ugonjwa, apige dawa na kuweka mbolea, halafu nimlipe kila mwezi aje kuhudumia. Nimwamini yupi? Na je, nilikosea kumwagilia?"*

Ndugu yangu, pole kwa gharama, na umefanya vyema kuuliza kabla hujatoa fedha nyingine. Katika maelezo yako kuna mambo matatu yanayoniambia mengi kuliko rangi ya nyasi: udongo mweusi uliomwagwa juu, kisima chenye chumvi, na kumwagilia kila jioni. Yakikutana hayo matatu juu ya kichanga cha Kigamboni, nyasi za aina yoyote hupendeza miezi michache kisha hurudi nyuma. Kwa hiyo kabla ya kuchagua fundi, tujue kwanza kuna nini chini ya hizo nyasi. Hilo unaweza kulijua mwenyewe asubuhi moja tu, ukiwa na koleo, kipande cha nondo na chupa ya siki ya dukani.

Nianze na ukoka, maana umesingiziwa. Si kweli kwamba haufai pwani. Ni nyasi yetu ya asili, inastahimili ukame, inastahimili chumvi kiasi, na watoto wanaweza kuichezea kutwa isife. Udhaifu wake ni kivuli: isipopata jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku hunyong'onyea na kuacha vipara. Kwa hiyo tazama vipara vyako viko wapi. Vikiwa chini ya mwembe au upande wa ukuta usiopata jua, hapo fundi wa kwanza ana hoja. Vikiwa katikati ya uwanja palipo na jua la kutosha, kosa si la ukoka.

Sasa chimba. Chagua sehemu tatu: penye nyasi nzuri, penye kipara, na mpakani mwa hizo mbili. Kila shimo liwe na kina cha sentimita 30 na ukuta mmoja ulionyooka ili uone tabaka. Kwa ulivyoeleza, natarajia utaona tabaka jeusi la sentimita tano hadi nane, kisha mstari uliokatika kama wa keki, kisha kichanga cheupe chenye mabaki ya ujenzi: kokoto, vipande vya tofali, saruji iliyoganda, pengine na mifuko yake. Angalia mizizi inaishia wapi. Ikiwa imefika kwenye ule mstari ikageuka na kutambaa pembeni, umeshapata jibu la nusu ya swali lako.

Watu wengi huamini kwamba udongo mweusi ukiwekwa juu ya mchanga utazuia maji yasipotee. Ni kweli huyazuia, ila huyazuia mahali pabaya. Chukua dodoki lililoloa uliweke juu ya kokoto kavu. Maji hayashuki, yanabaki ndani ya dodoki mpaka ulimiminie mengi kiasi cha kufurika. Udongo huo mweusi, wa mfinyanzi, una vitundu vidogo sana vinavyoyashika maji kwa nguvu, na mchanga ulio chini una nafasi kubwa zisizoweza kuyavuta. Matokeo yake, zile sentimita tano au nane zinakuwa sahani ya mizizi. Masika inajaa maji, mizizi inakosa hewa. Kiangazi sahani hiyo hiyo inakauka kwa siku moja au mbili na kupasuka, na mizizi haina pa kukimbilia kwa sababu haikuwahi kushuka chini. Ulipanda mwezi wa tano, mwisho wa masika, ukafuata ubaridi wa kipupwe; ndiyo maana palipendeza. Joto liliporudi, akiba ikaisha.

Ukiwa hapo hapo fanya majaribio mawili madogo. Mwagilia sehemu moja vizuri, kesho yake sukuma nondo ya milimita 10 ardhini kwa nguvu ya mikono tu. Ikigoma kabla ya sentimita 15, udongo umeshindiliwa na malori pamoja na mafundi waliokuwa wakichanganyia zege hapo. Kisha chukua konzi ya udongo wa chini, umiminie siki. Ukitoa mapovu kuna chokaa ndani yake, iwe ya saruji au ya mawe ya matumbawe ya pwani yetu. Chokaa nyingi hufungia madini ya chuma, mmea ukawa nayo ardhini lakini hauwezi kuyanywa. Dalili yake ni tofauti na njaa ya kawaida. Njaa ya naitrojeni huanza kwenye majani ya zamani, ya chini, nayo huwa njano jani zima. Ukosefu wa chuma huanza kwenye majani machanga: katikati ya mishipa ni njano, mishipa yenyewe inabaki kijani. Piga magoti uangalie jani kwa karibu. Fundi anayesema "zina njaa" akiwa amesimama getini hajaangalia.

Tuje kwenye maji, na hapa nitakaa kidogo, maana naona ndipo penye kiini. Maji yanayofaa kuogea yanaweza kuwa hayafai kumwagilia. Ngozi yako huisuuza na kuikausha, lakini kila tone linaloingia ardhini likipanda tena kama mvuke huacha chumvi yake pale lilipokuwa. Unapomwagilia kidogo kila jioni, maji yanashuka sentimita tatu au nne, kesho yake jua linayanyonya, chumvi inabaki. Jioni unaongeza nyingine. Baada ya miezi minne ya kiangazi, tabaka la juu ambamo mizizi yote imejazana linakuwa na chumvi nyingi kuliko kisima chenyewe. Chumvi hiyo huzuia mizizi kunywa hata udongo ukiwa umelowa, kwa hiyo nyasi zinaonekana zina kiu ilhali unamwagilia kila siku. Ncha za majani huungua na kuwa kahawia, na kwenye vipara unaweza kuona unga mweupe asubuhi.

Kwa hiyo ndiyo, ulikosea kumwagilia, lakini ni kosa la karibu kila nyumba, na halitokani na uvivu. Nyasi za pwani wakati wa joto zinahitaji takriban milimita 25 kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba. Kwako ni lita 4,500, karibu simtanki la lita 5,000 kila wiki. Jaza ndoo ya lita 20 kwa mpira wako uone inachukua muda gani. Ikijaa kwa dakika moja, kazi ya wiki nzima ni karibu saa tatu na dakika 45. Sasa jiulize kila jioni husimama na mpira kwa dakika ngapi. Kwenye kichanga usimwage yote siku moja, yatapita chini ya mizizi. Gawa mara tatu kwa wiki, lita 1,500 kila mara, alfajiri badala ya usiku ili majani yasilale yamelowa na kukaribisha ukungu. Na mara moja kwa mwezi wakati wa kiangazi toa kipimo maradufu kwa makusudi, kusukuma chumvi ishuke. Kusukuma huku kunafanya kazi kama chini panapitisha maji. Kukiwa na ile sahani ya mfinyanzi, chumvi haina pa kwenda.

Usikisie chumvi kwa ulimi. Wauzaji wa vichujio vya maji huwa na kipimo kidogo cha mkononi kinachoonyesha ppm (miligramu za chumvi iliyoyeyuka kwa kila lita ya maji), na maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji hupokea sampuli. Mwongozo wa FAO wa maji ya umwagiliaji unaweka mipaka hivi: chini ya 450 hakuna tatizo, kati ya 450 na 2,000 panahitaji uangalifu unaozidi kadiri namba inavyopanda, juu ya 2,000 ni tatizo kubwa kwa mimea mingi. Pima sasa, kiangazi, maana baada ya masika kisima hicho hicho kinaweza kuonyesha namba ndogo na kukudanganya. Ikiwa una bomba la DAWASA pia, pima yote mawili. Kuchanganya nusu kwa nusu hushusha chumvi kwa kiasi unachoweza kukokotoa mwenyewe.

Tuwarudie mafundi wako. Wa kwanza ana wazo zuri la nyasi na wazo baya la udongo. Nyasi za Pemba ni za pwani ya Bahari ya Hindi kwa asili, zinavumilia kivuli kuliko ukoka na zinavumilia chumvi. Jani lake ni pana na gumu kidogo, wengine hawalipendi miguuni, lakini kwa nyumba yenye ukuta mrefu na mti mmoja mkubwa ni chaguo la busara. Tatizo ni zile tripu tatu. Ataongeza dodoki juu ya dodoki. Isitoshe, kila tabaka linapandisha uwanja kuelekea ukuta wa nyumba. Udongo unatakiwa ubaki angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, na ushuke kutoka ukutani kama sentimita mbili kwa kila mita. Ukizidi hapo, masika maji yatalala kwenye ukuta, rangi itavimba, na mchwa watapata daraja. Mfuniko wa chemba ya maji taka nao hufukiwa hivi hivi, hadi siku ya kuutafuta kwa jembe.

Wa pili anaweza kuwa mkweli kabisa, lakini anatibu asichokiona. Mbolea ya dukani nayo ni chumvi. Kuimwaga Januari juu ya mizizi iliyokwisha kuungua kwa chumvi ni kuongeza kuni motoni. Kuhusu "ugonjwa", mwombe akuonyeshe. Kuna njia rahisi: changanya vijiko viwili vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita tano za maji, mwaga kwenye mita moja ya mraba mpakani mwa kipara, subiri dakika kumi. Kama ni viwavi watapanda juu wenyewe. Kisha shika nyasi uvute. Zikinyanyuka kama mkeka usioshonwa, mizizi imekatwa. Fukua sentimita tano utafute funza weupe waliojikunja. Usipoona viwavi wala funza, huna sababu ya kulipia dawa.

Ndago zinastahili aya yake. Karibu kila mara huja na udongo wa kununua au samadi isiyooza, na kung'oa majani tu hakusaidii kitu: chini kuna vitunguu vidogo vilivyoungana kama tasbihi, ukivuta kimoja vingine vinaamka. Habari njema ni kwamba vitunguu hivyo vinaogopa kukauka, na sasa ni kiangazi. Chimbua sehemu zenye ndago kwa uma wa shamba, sentimita 20 hadi 25, pindua udongo, acha jua la Januari na Februari lipige wiki mbili bila kumwagilia. Chekecha, okota. Kisha mwagilia kidogo kwa makusudi ili zilizobaki ziote, na kabla hazijatimiza wiki tatu zichimbue tena. Zikipita hapo huanza kutengeneza vitunguu vipya. Ukirudia mara mbili kabla ya masika utakuwa umepunguza sehemu kubwa, si zote. Anayekuahidi kumaliza ndago kwa siku moja hazijui.

Njia ya pili ni dawa ya glaifoseti, ambayo hushuka kutoka kwenye jani hadi kwenye kitunguu. Inafaa tu ndago zikiwa kijani, zina majani matano au sita, hazijatoa maua na hazina kiu. Ukipuliza ndago zilizonyauka kwa ukame umepoteza fedha. Nayo huua kila kijani inachokigusa, ukoka na maua pamoja, kwa hiyo ni ya kabla ya kupanda, asubuhi isiyo na upepo, na mpuliziaji avae buti, glavu na barakoa. Usikubali dawa inayoletwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Taka kopo lenye lebo na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka inayosimamia viuatilifu nchini. Chupa isiyo na jina ikisahaulika barazani mtoto anaweza kuinywa, na hospitali haitajua imtibu kwa lipi.

Sasa kazi yenyewe, kama mashimo yatathibitisha ninachodhani. Tumia Januari na Februari kuandaa ardhi, upande mvua za masika zikishika, kwa kawaida katikati au mwishoni mwa Machi. Aprili Dar es Salaam hupata kwa wastani zaidi ya milimita 200 za mvua, na hayo ndiyo maji bora ya kusafisha chumvi, tena ni ya bure. Kupanda sasa ni kulipia maji ya kisima yaleyale yaliyoleta tatizo.

Usiutupe udongo mweusi ulio nao, uuchanganye. Lima sentimita 20, kokoto na saruji zitoke zote zenye ukubwa wa kuzidi kidole gumba, tabaka jeusi na kichanga viingiliane mpaka ule mstari upotee. Hapo ndipo ongeza samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, tabaka la sentimita tatu juu ya eneo lote, kisha lima tena iingie ndani. Sentimita tatu kwa mita 180 ni mita za ujazo 5.4. Wauzaji huuza kwa tripu, na tripu si kipimo, kwa hiyo pima bodi ya gari: yenye urefu wa mita 3, upana wa 1.7 na kina cha 0.4 inabeba kama mita mbili za ujazo. Utahitaji takriban tripu tatu za gari hilo, na fedha za udongo mweusi ziende huku. Samadi iliyooza haina harufu kali, haina joto ukiingiza mkono, na huwezi kutambua majani ndani yake. Epuka ya kuku hapo kwako, ina chumvi nyingi. Makumbi ya nazi yaliyolowekwa ufukweni nayo yana chumvi ya bahari mpaka yasuuzwe vizuri. Maganda mabichi ya mpunga hula naitrojeni yanapooza, nyasi zikabaki njano.

Sawazisha, mwagilia, acha ishuke kwa wiki moja, jaza mashimo yaliyojitokeza. Panda vipande vyenye vifundo vitatu au zaidi, viwili vikae ardhini na kimoja nje. Kwa umbali wa sentimita 20 unahitaji vipande 25 kwa mita ya mraba, yaani 4,500 kwa eneo lako. Kwa sentimita 15 ni karibu 8,000, gharama inapanda lakini eneo linafunika mapema na ndago hukosa nafasi. Vipande vikishang'olewa visilale kwenye gunia juani. Vikichelewa usiku mmoja viwe kivulini na gunia liwe limelowa. Wiki mbili za kwanza mvua isiponyesha, hapo kumwagilia kidogo kila siku ni sahihi, kwa sababu mizizi bado haipo.

Mbolea ingoje wiki nne, nyasi zikianza kutambaa. Weka CAN, mbolea ya punje yenye naitrojeni, gramu 15 kwa mita ya mraba, ambayo ni kama kijiko cha chakula kilichosawazishwa, sawa na kilo 2.7 kwa eneo lote; au urea gramu 8, kilo moja na nusu hivi. Kwako wewe gawa nusu mara mbili, wiki mbili kati yake. Mwaga majani yakiwa makavu, mwagilia papo hapo. Urea iliyoachwa juani hupaa hewani kama amonia, na punje iliyokaa kwenye jani bichi huunguza. Baada ya hapo mara tatu au nne kwa mwaka, wakati wa mvua za masika na vuli, inatosha.

Kuhusu aina, kwa jua kamili na maji ya chini ya 2,000 ppm ningebaki na ukoka katikati na kuweka Pemba kwenye kivuli. Zaidi ya 2,000, tafuta paspalamu ya pwani, ile ya jani jembamba, inayostahimili chumvi kuliko zote nilizotaja. Lakini hapo nakushauri ufikirie jambo jingine kwa moyo mweupe: punguza nyasi. Mita 60 za nyasi nzuri mbele ya baraza, zinazotaka lita 1,500 kwa wiki, ni bora kuliko mita 180 zinazokufa. Kwingine weka changarawe, matofali ya kukanyagia, minazi, mkungu, mibogenvilia na mishubiri, mimea iliyozoea upepo wa bahari.

Katika kumchagua fundi, usitazame bustani aliyoipanda mwezi uliopita, wala picha kwenye simu. Mwombe akupeleke kwenye bustani aliyoipanda masika ya mwaka jana, uione sasa hivi Januari. Zungumza na mwenye nyumba. Kisha mwonyeshe mashimo yako uliyochimba, unyamaze, usikilize. Anayeinama, akashika udongo, akauliza maji yanatoka wapi na jua linapiga wapi, huyo zungumza naye bei. Inawezekana kabisa akawa mmoja wa hao wawili. Ujuzi wao wa mikono ni wa kweli, wanachokosa mara nyingi ni mteja anayelipia maandalizi badala ya kulipia kijani.

Mkiafikiana, andikeni hata kama ni karatasi moja ya daftari. "Kutengeneza bustani yote" si makubaliano. Andika mita za mraba zilizopimwa kwa futi kamba, kina cha kulima, kifusi kitapelekwa wapi na kwa gharama ya nani, mita za ujazo za samadi, aina ya nyasi kwa sampuli mliyoiona wote, na umbali wa kupanda. Malipo yafuate hatua: sehemu ya vifaa mwanzoni, nyingine baada ya wewe kuingiza nondo ikashuka sentimita 20 kabla ya kupanda, ya mwisho siku 60 baada ya kupanda, akiwa ameshapandikiza upya penye vipara. Hatua ya nondo ndiyo muhimu kuliko zote. Nyasi zikishafunika hakuna anayeweza kuona kilichozikwa.

Mkataba wa huduma ya kila mwezi si jambo baya, ila uwe na vipimo. Pemba ikatwe kwa urefu wa sentimita sita, na ikatwe ikifika tisa, kwa kuwa ukiondoa zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mkupuo mizizi nayo hufa nyuma. Ukoka ukae sentimita tatu au nne. Kwanja likitumika na mtu stadi si tatizo. Tatizo ni kunyoa mpaka ardhi ionekane ili "zisiote haraka", na jua la Februari linamalizia kazi. Mashine iwe na kisu kikali, maana butu huchana jani na kuacha ncha nyeupe, na isafishwe kabla ya kuingia kwako kwa sababu hubeba mbegu na udongo wa uwanja uliopita. Katika kila ziara amwage maji ya sahani zilizo chini ya vyungu. Dar imeona milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji hayo hayo kwa muda wa wiki moja hivi. Na kama utaamua kumwajiri kijana wa kuja kila siku chini ya maelekezo yako, huyo ni mfanyakazi wako kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: mpe masharti yake kwa maandishi na umwandikishe NSSF.

Kuna hali ambazo maelezo ya maandishi hayatoshi. Kipara kikiwa juu ya shimo la maji taka au pakiwa na unyevu na harufu, ita fundi bomba kabla ya fundi bustani. Ardhi ikididimia karibu na msingi, au ukuta wa uzio ukipasuka kufuata mzizi wa mti, mtafute mhandisi. Siki ikitoa mapovu sehemu zote na majani machanga yakabaki njano hata baada ya mbolea, peleka udongo maabara, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro au Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) Mlingano, Tanga. Chukua kutoka sehemu kumi, kina cha sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi isiyo na mabaki ya mbolea wala saruji, kausha kivulini, funga nusu kilo kwenye mfuko mpya na uandike mahali na tarehe. Waombe wapime pH, chumvi na naitrojeni. Afisa kilimo wa kata yako anaweza kukuelekeza namna ya kuituma.

Anza na shimo na kipimo cha maji wiki hii. Ukipata namba ya ppm na picha ya tabaka, nitumie vyote viwili pamoja na saa ambazo jua linapiga kila upande wa uwanja, nikuambie mstari kati ya ukoka na Pemba upite wapi.